Sisi Watu, wa Kwa Nani?

Netiwaki kwetu haishiki ndani ya nyumba. Inashika karibu na tangi la maji, upande wa jikoni, na hapo penyewe ni lazima ukae chini. Ukisimama tu, inapotea. Kwa hivyo Katiba ya Marekani niliisoma nikiwa nimekalia jerikani iliyopinduliwa, saa saba mchana, Migwani, jua likinichoma kisogo na kuku wakinizunguka kama wanafunzi watoro. Marekani sijafika. Nairobi nimefika mara chache, na kila mara nilirudi na kichwa kinachouma. Lakini niulize leo nani anaingia ofisini rais na makamu wake wakifa pamoja, nitakujibu kabla hujamaliza.

Mwanafunzi wangu alikuwa mama.

Mama alienda Marekani kumsaidia dada yangu alipojifungua mtoto wa kwanza. Aliaga kama mtu anayeenda gulio. Alisema atarudi mbaazi zikianza kukauka. Mbaazi zimekauka zaidi ya miaka kumi na mitano, maana mtoto yule alifuatwa na mwingine, na mwingine akafuatwa na mapacha, na dada anafanya kazi za zamu. Wakampa mama kadi ya kukaa huko. Kadi hiyo ilikuwa na masharti yake: nyumbani unaweza kutembea, lakini ukikawia sana, kadi inakufa, na wajukuu utawaona kwenye simu tu. Basi akawa anakuja wiki tatu, anazunguka shamba lake kama mtu anayesoma gazeti la mwenzake, halafu anafunga sanduku. Baba alipofariki alikuja, akazika, akaondoka kabla nyasi haijaota kaburini. Siku ile ndiyo iliyomchosha.

Akaamua anataka kuja kukaa. Si kutembea, kukaa. Apande mvua ya Disemba, apalilie, avune ndengu zake kwa mikono yake, na akiwakumbuka wajukuu apande ndege aende, kisha arudi bila kuulizwa na mtu. Njia ilikuwa moja: awe raia wa Marekani.

"Kwa hivyo mwaitu," nilimwambia, kwa maana mwaitu ndiyo mama kwetu Wakamba, "ili ukae Migwani ni lazima uwe Mmarekani?"

"Na wewe umekaa Migwani miaka yote hiyo bila kuwa kitu chochote," akanijibu. "Kila mtu na njia yake."

Uraia una mtihani. Unaulizwa kuhusu serikali yao na Katiba yao, na usipojua unarudishwa. Mzee aliyekaa huko miaka mingi anaruhusiwa kuulizwa kwa lugha yake, akiwa na mkalimani. Sasa, mkalimani wa Kikamba hakupatikana katika mji wao. Aliyepatikana ni mama mmoja wa Pwani, wa Kiswahili. Ikawa mama yangu, ambaye Kiswahili alikijulia sokoni na kanisani, lazima asomee serikali ya Marekani kwa Kiswahili. Dada hakuweza kumfundisha. Kiswahili chake kimeshika kutu, akikisema unasikia milango ikilia. Wajukuu hawana hata neno. Ndipo wakanikumbuka mimi, kitinda mimba niliyebaki kulinda boma, niliyepata B ya Kiswahili kidato cha nne. B hiyo ndiyo kitu pekee nilichotoka nacho shuleni, mbali na mende waliokuwa kwenye sanduku.

Dada alinitumia kijitabu cha maswali kwa simu, kwa Kiingereza. Asubuhi natafsiri, saa saba mama anapiga. Kwake ni alfajiri, wajukuu hawajaamka, na nilikuwa nasikia birika lake likianza kulia nyuma ya sauti yake.

Somo la kwanza lilituchukua mchana mzima.

"Katiba inaanza kwa maneno matatu ya Kiingereza," nikamwambia. "Kwa Kiswahili ni mawili: Sisi Watu."

"Wa kwa nani?"

"Wa kwa nani vipi?"

"Asa," akasema. Ananiita asa, yaani baba, kwa sababu nimepewa jina la baba yake wa kule Kikima. "Mtu akija mlangoni akisema sisi watu, si unamuuliza watu wa kwa nani? Wa ukoo gani? Au wewe unafungulia tu?"

"Watu wa Marekani, mwaitu. Wote."

"Wote? Na wale weusi waliokuwa watumwa, walikuwa wapi siku hiyo?"

Hilo halikuwa kwenye kijitabu. Nikaomba likizo hadi kesho yake, nikasoma, nikarudi na aibu kana kwamba niliandika mimi. Nikamwambia walihesabiwa, lakini si kama mtu mzima, walihesabiwa pungufu. Na wanawake, hata wale weupe, hawakuitwa kupiga kura. Baadaye sana ndipo wakaanza kufanya marekebisho.

"Viraka," mama akasema.

Mama aliwahi kushona, ana cherehani hapa mpaka leo. Tangu siku ile hatukusema tena marekebisho. Katiba ya Marekani kwetu ilikuwa nguo yenye viraka ishirini na saba. Kiraka cha kwanza, mtu asali atakavyo na aseme atakalo. Kiraka kimoja kilipiga pombe marufuku, na kingine kikaja kubandua kile. Hapo alicheka mpaka birika likamwagikia jiko.

"Kumbe hata wao walimpata chifu wetu yule wa kumwaga mitungi!"

"Walimpata."

"Na watu wakanywa?"

"Wakanywa zaidi."

"Basi kumbe ni watu."

Kiraka cha tano, haki ya mtu kunyamaza asijitie hatiani, alisema baba alikuwa nacho kabla Wamarekani hawajakiandika. Ulikuwa ukimuuliza nani amefungua zizi, anasafisha koo tu na kutazama mlima. Sote wawili tukamsikia baba akisafisha koo. Cha tatu kinasema serikali haiwezi kumlaza askari nyumbani kwako bila ruhusa yako, wakati wa amani. Nilikisoma harakaharaka, maana nilikuwa nimeweka magunia ya ndengu chumbani kwake na kuku wawili walikuwa wanaatamia chini ya kitanda. Mama hana masikio ya kuchezea.

"Chumba changu kiko sawa, asa?"

"Kiko."

"Nasikia kuku."

"Niko nje, mwaitu."

"Naye kuku anasikika yuko ndani."

Lililotusumbua kuliko yote ni lile la mikono mitatu ya serikali. Bunge linatunga sheria, rais anazitekeleza, mahakama inazitafsiri, na kila mmoja anamzuia mwenzake asizidishe. Kiingereza chake ni kirefu na kinanukia ofisi. Nilijaribu maneno ya vitabuni, mama akawa anasema "mm, mm" kama mtu anayemeza dawa. Mwisho nikamwambia, mwaitu, wanachungana. Kila mmoja ni mchungaji wa mwenzake.

"Sasa hiyo si ungesema tangu jana?"

Halafu akaanza kupanga boma letu la zamani. Sheria za nyumba alitunga yeye. Baba alizitekeleza, kwa kuchelewa. Nyanya yetu mzaa baba ndiye aliyekuwa mahakama, anakaa na kiti chake mlangoni, na akishaamua hakuna rufaa.

"Na mimi nilikuwa nani?" nikauliza.

"Wewe ulikuwa mahabusu."

Nikiwaza siku zile ndipo naona jinsi zilivyokuwa tamu. Tulikuwa tumekaa miaka tukiulizana habari za mvua na za miguu kuuma, dakika tano, kwaheri. Sasa mama yangu alinihitaji kila siku, na tulizungumza kama watu. Kuna swali moja kuhusu haki walizozitangaza walipojitenga na Mwingereza: uhai, uhuru na kutafuta furaha. Nikamsomea. Akafikiri.

"Kutafuta. Hawakusema utapewa."

"Hawakusema."

"Na wewe umeitafuta wapi, na hata Machakos huendi?"

Nikamwambia naitafuta hapa karibu na tangi, ikipita nitaiona. Alicheka, kisha nikasikia ameweka kikombe chini.

Siku ya kuhojiwa ilifika, nami nilishinda kwenye jerikani tangu asubuhi kana kwamba ofisa ataniita mimi. Mama alipita. Aliponisimulia, nilimfanya arudie mara nyingi pale alipoulizwa kwa nini serikali ina mikono mitatu.

"Nikasema, ili wachungane. Yule mama wa Pwani akaniangalia. Akaniuliza polepole, na Kiswahili chake kile cha sukari, 'Wachungane kama unga, bibi, au kama mbuzi?' Nikamwambia kama mbuzi! Mbuzi watatu, kila mmoja anamwangalia mwenzake asiingie kwenye mbaazi. Akamgeukia mzungu akasema maneno mafupi sana. Mzungu akaweka alama."

"Kwa nini unga?"

"Kwao kuchunga ni kuchekecha. Asa, karibu unifelishe na B yako."

Tukafurahi. Nikaanza kufikiria hao kuku niwahamishie wapi. Kumbe furaha ile ilikuwa ya mapema.

Baada ya muda ikaja barua ya kumwita kwenye sherehe ya mwisho, ambako wote waliopita wanasimama na kuapa. Bila hapo mtu si raia, hata kama alijibu maswali yote. Mama akaniuliza huko kunafanywa nini. Mimi, bila kufikiri, nikampa Kiswahili cha redio.

"Hakuna kazi, mwaitu. Unaenda kula kiapo tu."

Akasema sawa. Akakata simu. Kesho yake hakupiga, wala kesho kutwa. Siku ya tatu akapiga dada, na Kiswahili chake kilikuwa kimepona ghafla.

"Umemwambia nini mama?"

"Mimi? Sijamwambia kitu."

"Amesema haendi! Amekunja nguo nilizomnunulia akazirudisha kwenye mfuko. Anasema wewe ndiye umemweleza!"

Ndipo nikagundua. Kwetu, kuna kitu mtu alikuwa anakula ili kumaliza kesi, nacho kinaitwa kithitu. Kesi ikiwashinda wazee, anayebisha anakula kithitu mbele ya watu kwamba anasema kweli. Na akiwa amedanganya, inasemekana kifo kinaingia bomani na hakitoki hadi kimalize. Kiswahili kinasema kula kiapo na hakuna anayeshtuka. Rais wetu anakula, magavana wanakula, tunawaangalia kwenye runinga tukitafuna mahindi. Lakini mama alikuwa amelitafsiri neno langu kwa Kikamba, na sasa wa kula alikuwa yeye mwenyewe.

Dada akampa simu.

"Mwaitu," nikaanza, "ni maneno tu. Kula ni namna ya kusema. Hakuna kinacholiwa."

"Najua hakuna kinacholiwa. Mimi si mtoto. Na nimeokoka, kithitu hakinitishi." Akavuta pumzi. "Unakumbuka kule Kikima, njia ya kwenda kisimani kwa babu yako, pale tulipokuwa tunazunguka?"

Nakumbuka. Tukiwa wadogo tulikuwa tukienda kwa babu Disemba, na kabla ya kisima njia ilikuwa inapinda bila sababu, inaliacha shamba zuri la ngazi lenye udongo mweusi, halafu inarudi. Niliwahi kuuliza, nikaambiwa tembea.

"Pale palikuwa na boma," mama akasema. "Mwenyewe alikula kwamba shamba ni lake, naye alijua si lake. Mimi nilikuwa msichana. Niliona watoto wa pale, tulicheza nao. Halafu nyasi ikaota hadi mlangoni. Labda ni ugonjwa, labda ni nini, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba alisimama mbele ya watu akasema kitu ambacho moyoni hakimo."

Nikaisogeza simu karibu na sikio.

"Dada yako amenisomea hayo maneno yao," akaendelea. "Nisimame, niinue mkono, niseme nimeacha kabisa nchi nyingine zote. Na sababu ya mimi kusumbuka hivi ni nini? Si nije nyumbani? Niseme nimeacha, halafu nishuke hapo nipande ndege nije kupanda ndengu? Heri nibaki na kadi yao nije wiki tatu. Au nirudi moja kwa moja, niwaache hawa watoto niliowalea. Nichague. Lakini hilo la kusema uongo na mkono juu, hapana."

Nilishinda na simu mchana ule hadi jua likahama upande wa pili wa tangi. Sijawahi kusoma hivyo hata wakati wa mtihani wangu, na matokeo yangu yanashuhudia. Kwanza nikasoma Katiba yetu. Inasema aliyezaliwa raia wa Kenya hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine. Hiyo ilikuwa nusu ya jibu. Ile nusu nyingine niliikuta katika Katiba yao wenyewe, pale wanapoandika rais atasema nini akiingia ofisini. Nilikuwa nimepapita mara nyingi nisione. Wameandika "naapa", halafu ndani ya mabano wakaongeza: "au nathibitisha".

Kesho yake saa saba, nilipiga mimi.

"Mwaitu, kuna mlango mwingine. Si lazima uape. Unaweza kuthibitisha. Imeandikwa tangu mwanzo, si kiraka. Ipo kwenye nguo yenyewe."

"Kwa nini waliweka?"

"Kulikuwa na Wakristo kati yao wasioapa kamwe. Walisema Biblia inakataza, ndiyo yako iwe ndiyo. Wakaachiwa nafasi."

"Kwa hivyo hata siku ile," akasema polepole, "kulikuwa na mtu aliyekataa kula."

"Kulikuwa."

Birika likalia, akalizima. "Haya. Sasa nisomee yale ya kuacha. Usinieleze. Neno kwa neno, uniambie naacha nini."

Nikamsomea moja moja, nikipima kila neno kwa Kiswahili ili nisirudie kosa. Naacha utii na uaminifu wangu, kwa mfalme yeyote wa nje, mtawala, dola au serikali, ambayo nilikuwa chini yake.

"Utii. Kwa serikali."

"Ndiyo."

"Endelea."

"Hapo ndipo panapoisha, kwa upande wa kuacha."

"Hakuna shamba?"

"Hakuna."

"Kaburi la baba yenu?"

"Halijatajwa."

"Kanisa langu? Kikima? Wewe?"

"Mimi Marekani hawanijui, mwaitu."

"Bado," akasema, na nikasikia sauti yake ya zamani imerudi. "Serikali naweza kuwaachia. Serikali ya huko nyumbani na mimi tulikuwa tunakutana kwenye foleni ya maji, na yenyewe haikuwa inakuja. Lakini rudia. Isome tena yote, nisije nikawa nimeruka kitu."

Nikarudia. Baadaye nilisoma kwamba kuna majaji huko wanaoisoma Katiba hivyohivyo, neno kwa neno, lililoandikwa ndilo hilo na lisiloandikwa halimo. Wanavaa joho na wanalipwa.

Dada alienda kuuliza, akaambiwa inaruhusiwa, si mtu wa kwanza. Vidio ya sherehe ninayo. Ni ukumbi umejaa watu wa kila rangi, mikono juu. Mama yuko mstari wa pili katika zile nguo mpya, mkono mmoja umeinuka, wa pili umeshika mkoba, maana kiraka hakuna kinachozuia wizi. Watu wote wanasema pamoja. Midomo ya mama inachelewa kidogo, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nimeiangalia mara nyingi nikitafuta lile neno lake la kuthibitisha. Halisikiki katika kelele zile, lakini naijua sekunde linapopita, kwa sababu hapo ndipo anapofumbua macho.

Alikuja kabla ya mvua ya Disemba. Aliingia nyumbani, akafungua mlango wa chumba chake, akaangalia chini ya kitanda.

"Kiraka cha tatu, asa. Toa askari wako."

Amepanda. Amepalilia. Amevuna ndengu akazilalamikia. Hajataja siku ya kurudi, na hakuna anayemuuliza. Na ajabu ni kwamba sasa tuko boma moja hatuzungumzi nusu ya tulivyokuwa tukizungumza. Ni mbuzi wameingia wapi, ni maji yameisha, ni kofia yangu umeiweka wapi. Saa saba ikifika miguu yangu yenyewe inaelekea kwenye tangi, nakumbuka njiani kwamba hakuna somo.

Na hata ningetaka kukaa, pana mwenyewe. Wajukuu hupiga kabla ya kwenda shule, kwetu ikiwa alasiri inaanza, na mama ndiye anakalia jerikani. Anawafundisha Kikamba. Juzi nilikuwa naosha sufuria jikoni nikamsikia anauliza, polepole, kama nilivyokuwa nikimuuliza yeye.

"Haya. Sisi watu. Wa kwa nani?"

Nikasikia wakinong'onezana ng'ambo ile ya bahari. Halafu mmoja wa mapacha, kwa Kikamba kinachotokea puani:

"Wa kwa... nyanya?"

"Na nyanya ni wa wapi?"

"Migwani."

"Na Kikima, usisahau. Sema tena, yote."

Nikatoka jikoni na sufuria mkononi nisikie vizuri, nikasimama nyuma yake. Sauti ya mtoto ikakatika katikati ya Kikima.

"Asa!" mama akasema bila kugeuka. "Kaa chini, unanifukuzia netiwaki."

Nikakaa chini vumbini, pamoja na kuku.